Soksi za Bibi

Kila mwaka, kidato cha nne wakifika kwenye somo la urithi, nilikuwa navua kiatu darasani. Cha kushoto. Kisha soksi, kisha naweka mguu juu ya kiti, na wale wa madawati ya nyuma wanasimama ili waone. Kidole cha pili na cha tatu vimeungana mpaka kwenye kucha, kana kwamba aliyeviumba aliitwa kula kabla hajamaliza kazi. Wanacheka, nami nawaacha wacheke, maana mtoto aliyecheka hasahau. Halafu nawaambia kwamba hii ni sifa tawala: mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto anaweza kuipata au kuikosa, sawa na kurusha shilingi. Baba yangu alikuwa nayo, mimi ninayo, binti yangu wa pekee anayo. Haidondoki kutoka mbinguni. Ukimwona mtu ana vidole hivi, tafuta mzazi aliyempa.

Baada ya urithi inakuja mada ya chimbuko la binadamu, na hapo ndipo walimu wenzangu hunitania kwa kuniita mwalimu wa nyani. Mimi hainisumbui. Nawaambia wanafunzi kwamba mifupa ya kale imefukuliwa hapo ng'ambo ya Serengeti, kwamba jeni za watu wa dunia nzima zinarudi huku Afrika, na kwamba ukirudi nyuma vya kutosha sisi sote ni ndugu. Nimeisema sentensi hiyo kwa miaka ishirini na tatu, nikiwa na chaki mkononi na moyo mweupe. Siku hizi ikifika mdomoni naimeza.

Swali ambalo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza ni hili: na baba yako, mwalimu, vidole alivipata kwa nani?

Baba yangu alizaliwa katika nyumba ntobu. Kwetu Butiama mwanamke mwenye mifugo lakini asiye na mtoto wa kiume anaweza kuoa mwanamke mwenzake. Anatoa ng'ombe, anamleta mke nyumbani, mke anazaa na mwanamume aliyechaguliwa, na watoto wanakuwa wa nyumba ile. Mwanamume huyo hatajwi. Wanasema kitanda hakizai haramu. Sisi tumekwenda mbele zaidi, ng'ombe wakishaingia zizini swali limekufa. Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyekuwa mke. Aliyemwoa alifariki kabla sijazaliwa, na mpaka leo katika sala za familia tunamwita babu, na hakuna anayeona kituko.

Kwa hiyo nilijua vidole vyetu vimetoka wapi: kwa yule asiyetajwa. Sikuambiwa, nilijihesabia mwenyewe. Nilipokuwa mtoto nikimwuliza baba kuhusu vidole, alikuwa anaangalia pembeni na kusema, "Vaa viatu." Katika familia yetu kulikuwa na jambo moja tu lisilosemwa, nikaona na vidole ni sehemu ya jambo hilo hilo. Baba alifariki mimi nikiwa na uhakika huo, na mwalimu wa biolojia akiwa na uhakika ni shida kumtoa.

Binti yangu alichekwa sana shule ya msingi, akajifunza kuvificha. Hata ziwani anaingia na raba. Alipomleta mchumba wake, kijana mpole wa kutoka Bunda anayeimba besi kwaya ya kanisa, sikuwa na neno. Nilimpenda kijana huyo. Nalisema hili mapema ili ijulikane kwamba hofu yangu haikuanzia kwake.

Ilianzia kwenye beseni. Wakwe walikuja nyumbani kwetu Nyasho, hapa Musoma, kwa mazungumzo ya mahari siku ya mvua kubwa, na barabara yetu ikinyesha inakuwa mto. Waliongozwa na babu yake kijana, mzee mkavu, mrefu, mwenye heshima zake zote, ambaye alikanyaga dimbwi mlangoni kwangu na kuzama mpaka kwenye vifundo. Nilimketisha barazani, nikamletea maji ya vuguvugu na ndala za mume wangu. Akavua viatu. Akavua soksi. Akaweka miguu kwenye beseni, nami nikiwa nimeinama mbele yake na taulo nikaona kidole cha pili na cha tatu, kushoto na kulia, vimeungana mpaka kwenye kucha.

"Usishtuke, mwanangu," alisema. "Nilizaliwaga hivyo. Kwetu Bunda ni mimi tu. Watoto wangu wote wamepona."

Nilimkabidhi taulo. Nilikuwa nimevaa viatu vya kufunika, namshukuru Mungu, lakini nilihisi vidole vyangu vikiwaka humo ndani. Wanaume wakaendelea na maneno yao ya ng'ombe sebuleni, wakacheka, wakala, wakakubaliana. Mimi nilikuwa jikoni nimeshika sinki.

Walipoondoka nilichukua karatasi ya mtihani wa zamani, nikageuza nyuma, nikachora kama ninavyowachorea wanafunzi: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, waliobeba sifa unawapaka wino. Juu ya baba siku zote nilikuwa naweka mraba wenye alama ya kuuliza. Sasa nilifuta ile alama. Mzee alikuwa wa rika la bibi, na Bunda si mbali. Mwanamume wa nyumba ntobu mara nyingi hutafutwa mbali kidogo ili asije akajenga mazoea. Kama ni yeye, basi baba yangu na baba wa kijana ni mtu na nduguye. Kijana anakuwa kaka yangu. Na binti yangu anaolewa na mjomba wake.

Niliogopa. Sina neno zuri zaidi. Niliogopa mpaka nikashindwa kula chakula nilichokipika mwenyewe.

Usidhani sikujaribu kujituliza kwa ualimu wangu. Kwa hesabu za jeni, damu wanayochangia ni kijiko katika ndoo. Kanisa linataka wachumba wapime afya, nikawaambia wapime na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, palepale. Binti yangu akakutwa anabeba jeni moja, kama watu wengi wa huku ziwani ambao mababu zao walipambana na malaria mpaka mwili ukatafuta njia yake, kijana hana. Watoto wao wangekuwa salama. Kipimo cha vinasaba nilikiulizia pia, kwa mzunguko, nikaambiwa hakipimwi kama malaria, lazima ombi lipitie kwa wakili au ustawi wa jamii, na sababu iandikwe. Ningeandika nini? Kwamba nachunguza nani alilala na bibi yangu?

Kwa mila za nyumba yetu, yule mzee hakuwa chochote kwetu. Kwa damu, alikuwa babu yangu. Nilitaka mila zishinde, mimi mwalimu wa nyani, na nilijua zisingeshinda mtu mmoja tu akifungua mdomo. Harusi ingekufa, na binti yangu angebaki yule aliyetaka kuolewa na mjomba wake, Musoma nzima. Zilibaki wiki tatu. Nikapanda gari kwenda Butiama.

Nilimkuta bibi anachambua mchicha mlangoni, amevaa raba zake nyeusi na soksi za kijivu, jua likiwa kali. Sijawahi kumwona bila soksi. Nilikuwa nakwenda kwake likizo tu, na wazee wana baridi zao, nani anauliza?

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekonda. Mume wetu hakulishi?"

Nilisaidia kuchambua mchicha. Nilizunguka, nikasema mvua, nikasema ng'ombe, mwisho nikaona nitarudi Musoma na mzigo wangu kama nilivyoubeba. Nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua, "Bibi, nisamehe. Yule mwanamume. Alikuwa na vidole vilivyoungana?"

Bibi aliacha mchicha. Nilingoja kufukuzwa. Katika nyumba ile swali hilo ni sawa na kutoa mlango kwenye bawaba. Badala yake alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto mjinga, akainama, akavua raba, akavuta soksi.

Vilikuwa vyake. Cha pili na cha tatu, miguu yote miwili, mpaka kwenye kucha.

"Miaka yote unafundisha watoto wa watu na hujui miguu yako imetoka wapi?" alisema. "Walikuwaga wananiita bata. Wachumba walikuja wawili, mama zao wakaangalia chini, wakaondoka. Ndio maana nikaolewa huku. Aliyenioa hakujali miguu, alitaka watoto. Nikamwambia baba yako asimwambie mtu, na wewe ulivyokuwa na domo!"

Nilicheka. Nililia na kucheka, nikamkumbatia na mchicha wake. Mzee wa Bunda hakuwa babu yangu! Kwa muda mfupi nilikuwa mama wa bibi harusi kama mama wengine. Nilikuwa nimeviweka vidole juu ya mtu asiyetajwa kwa sababu hatajwi, na hakuwa na habari navyo.

Lakini bibi alikuwa bado anaitazama miguu yake.

"Kwetu tulikuwa wawili tuliozaliwa hivi," alisema. "Mimi na mdogo wangu. Yeye wa kiume. Mwaka wa njaa baba alimshika mkono akaenda naye upande wa Bunda, kwa watu waliokuwa na akiba, akarudi peke yake na mtama. Mama hakuugusa. Mimi niliula, mke mwenzangu. Nilikuwa na njaa."

Niliokota jani la mchicha nililokwisha kulichambua, nikalichambua tena.

"Baadaye baba alikwenda kumdai, wakamwambia wale watu walihama. Hatukumwona tena." Alifuta vumbi kwenye kidole kwa ncha ya kanga. "Kwa nini umeuliza miguu? Umeona wapi mingine kama hii?"

Hapo ndipo ningeweza kusema. Mdogo wake alikuwa hai, mwenye heshima, mwenye wajukuu, umbali wa safari ya asubuhi. Lakini huyu si kama yule mwanamume asiyetajwa, huyu anatajika. Ni mjomba wa baba yangu mchana kweupe, na wajukuu zake ni kaka zangu, na hakuna mzee hata mmoja wa Butiama wala Bunda ambaye angekubali ndoa ile ifungwe. Akilini nilimwona binti yangu akipima gauni.

"Kwenye kitabu, bibi," nilisema. "Kitabu cha shule."

"Watu wa kwenye kitabu ni wa wapi?"

"Ulaya."

Akatikisa kichwa, akavuta soksi juu taratibu, ya kushoto kisha ya kulia, na tukamaliza mchicha.

Harusi ilifungwa. Binti yangu alitaka viatu vya wazi, nikamnunulia vya kufunika, tukagombana, nikashinda. Ukumbini waliopanga viti waliwaweka wazee pamoja, kama adabu inavyotaka, na nilipogeuka nikamkuta bibi amekaa bega kwa bega na mzee wa Bunda, yeye na raba zake, mzee na viatu vyake vilivyong'arishwa. Wapambaji walikuwa wanapita na ndoo za maji ya maua. Kila ndoo ilipokaribia miguu yao nilisimama. Mume wangu aliniuliza kama naumwa.

"Yule mzee ana masikio ya baba yangu," bibi aliniambia nilipompelekea soda.

"Wazee wote wana masikio makubwa, bibi."

Baadaye niliona bibi amemmegea kipande chake cha keki, na mzee amekipokea kwa mikono miwili.

Hiyo ni miezi minne iliyopita. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nilikuwa nahesabu hatua. Nilidhani ningepata muda, nikamwambie bibi polepole, ndoa ikishazoeleka, au mmoja wao akishatangulia. Ndiyo, niliwaza hata hilo. Nilikaa nikingoja mmoja wa watu hao wawili afe, na mmoja ni bibi yangu.

Jana binti yangu alipiga simu. Alikuwa na habari mbili, na ya kwanza ilikuwa ya mimba, nikapiga vigelegele mpaka jirani akatoka nje.

"Na ya pili utacheka," alisema. "Mume wangu nilikuwa namfichaga miguu, si unanijua. Juzi ameiona. Amecheka! Anasema babu yake anavyo hivi hivi. Akaenda akamwambia."

Nilimwuliza mzee amesema nini.

"Hakucheka. Aliniita akaniambia nivue viatu, akaviangalia, akavishika. Akaniuliza vidole vimetoka kwa nani, nikasema kwako, na kwa babu mzaa mama. Akauliza mama yake babu yupo, yule bibi wa keki, anakaa kijiji gani. Tangu hapo hajala vizuri. Anasema Jumamosi lazima apelekwe Butiama. Nimemwelekeza kijiji. Mama? Kuna ubaya?"

Leo ni Jumatano. Nimeomba ruhusa kwa mkuu wa shule niondoke Ijumaa, nitangulie kufika. Nitamkuta bibi mlangoni amevaa soksi zake, na kabla hajanitania itabidi nimwambie kwamba mdogo wake yuko njiani, na kwamba nililijua hilo siku ile tulipokuwa tunachambua mchicha.