Matundu ya Ukuta wa Mjomba

Mtu akikuambia mjomba wangu alimuua dada yake kwa uzembe, mlete kwangu. Nimechoka kuyasikia. Mjomba alikuwa fundi wa kuta za kuzuia udongo kwenye miteremko, na katika kazi hiyo hakuwa na uzembe hata chembe. Mzembe nilikuwa mimi.

Nyumba yetu ilikuwa chini ya kilima kilichokatwa ili kupata kiwanja. Mvua kubwa ikinyesha, udongo ulishuka hadi mlango wa jikoni, na mama akashinda na koleo mkononi. Mama alikuwa dobi, nami nilikuwa mwenzake, binti mzima wa miaka ishirini na mbili, mwenye mdomo mrefu kuliko kamba ya kuanikia. Mjomba ndiye kitinda mimba wa kwao, na mama ndiye aliyemlea. Akaapa dada yake hatalala tena kwa hofu. Miezi miwili alijenga ukuta wa mawe, akigonga kila jiwe kwa nyundo na kulisikiliza kabla hajaliweka. Nyuma yake alijaza kokoto, mbele akaacha matundu safu mbili, kila tundu na kipande chake cha bomba. Juu ya mteremko akapanda majani yenye mizizi mirefu.

"Ukuta nao una kibofu," alituambia. "Usipokojoa, unapasuka."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu.

Mvua zilipoanza, ukuta ulikojoa kweli. Maji ya matope yalimwagika moja kwa moja kwenye uwanja wa nguo, mashuka meupe ya wateja yakaingia madoa. Nilifua mara ya pili, nikafua mara ya tatu, hasira zikanipanda. Mama alisema tumsubiri mjomba, yuko kazini mbali, akirudi atachimba mfereji wa kuyapokea hayo maji. Subira yavuta heri, akaniambia. Mimi na subira wapi na wapi! Alipotoka kupeleka nguo, nilichana shuka langu kuukuu la maua ya bluu, nikasokomeza vipande kwenye matundu yote, nikavishindilia kwa mpini wa ufagio. Uwanja ukakauka. Mama aliporudi akasema afadhali, matope yamekoma yenyewe. Nikaendelea kuanika.

Ikanyesha siku tatu mfululizo. Ukuta ukaota tumbo. Niliuona, nikajiambia ni macho yangu tu. Siku ya nne jua lilichungulia mchana, mama akatoka kuanika. Nilikuwa ndani nikipiga pasi, nikasikia kishindo kama lori linamwaga mawe. Nilipotoka hapakuwa na uwanja, hapakuwa na kamba, wala mama.

Mjomba alifika jioni ile, akachimba pamoja na majirani mpaka akampata. Kesho yake alfajiri alirudi kwenye kifusi peke yake. Mkaguzi wa majengo alipokuja kuuliza, mjomba alisema mbele ya watu wote kwamba matundu aliyoacha yalikuwa machache, kosa ni lake. Nilikuwa nimesimama palepale. Nilifungua mdomo, ule mdomo wangu mrefu, haukutoa neno.

Tangu hapo hakuna aliyempa ukuta wa kujenga. Walimwita Fundi Kifusi, akaishia kuchimba vyoo vya watu. Siku za mapumziko alipanda majani kwenye mteremko ule ule, bila ujira, mpaka udongo wote ukashikana. Mimi nikaolewa, nikazaa. Kwa miaka kumi na minne nilimwamkia shikamoo mjomba huku nikitazama miguu yake.

Mwaka jana, alipougua mapafu, nilimwendea. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwambia yote, hata habari ya mpini wa ufagio. Alinisikiliza akitazama dari.

"Najua, mwanangu," akasema. "Asubuhi ile nilichomoa vile vitambaa kwenye mabomba, kimoja kimoja, nikavitumbukiza chooni kabla watu hawajafika."

Nikamuuliza kwa nini, mjomba, kwa nini.

"Mimi nilijua nitaishi. Wewe ungeishi vipi?"

Alifariki wiki iliyofuata. Makaburini fundi mwenzake alisimama kumsemea, akasema marehemu alikuwa mtu mwema, ila ule ukuta ndio uliomharibia. Nikainuka. Nikasema mbele yao kwamba matundu niliyaziba mimi, kwa shuka langu na kwa mikono yangu hii, na kwamba mjomba hakukosea hata jiwe moja.

Jirani yetu wa zamani, bibi mmoja mpole, akanishika bega akaniketisha, akawaambia wenzake kwamba uchungu umenichanganya, maskini, nimempenda mno mjomba wangu, waniletee maji. Wakatikisa vichwa kwa huruma. Ningewaonyesha nini? Shuka liliozea chooni zamani, na shahidi wangu pekee tulikuwa tumetoka kumfukia. Maji yakaletwa, nikayanywa.