Njia Niliyoificha Kwenye Chipu

Nakumbuka mwaka wangu wa kwanza kazini, mwanangu, nikikaa chumba cha kupanga mtaani Kawangware na kwenda ofisini kwa miguu. Kazi yetu ilikuwa kuchora chipu za kompyuta: kila sehemu ikae wapi, na nyaya zake, nyembamba kuliko unywele, zipite wapi. Chipu yenye kasi ina mpigo wake. Ishara ikitoka sehemu moja, lazima ifike nyingine kabla ya mpigo unaofuata. Ikichelewa, kompyuta inakosea hesabu, na haikuambii imekosea.

Mkuu wetu alikuwa Madam Zamzam, Mnubi mzaliwa wa Kibera, mama asiyependa kelele. Alinipa kona moja ya chipu niipange. Wiki nzima waya mmoja ulinisumbua. Nikiusogeza, mwingine unachelewa. Ijumaa michoro ilikuwa iende kiwandani, na chipu ikishatengenezwa hairekebishiki. Nikaona aibu kusema nimeshindwa. Basi nikaiambia programu inayopima muda wa ishara kwamba njia ya waya ule haitumiki, isiipime. Ripoti ikatoka safi. Wenzangu wakanipongeza, nami nikacheka nao.

Alhamisi, siku moja kabla ya michoro kuondoka, Madam akavuta kiti, akakaa kando yangu.

"Hii njia uliitoa kwa vipimo. Una hakika haitumiki?"

Ningesema ndiyo, angeniamini. Hilo ndilo lililonishinda.

"Inatumika, Madam. Inachelewa, na nimeshindwa kuitengeneza."

"Ungeniambia Jumatatu, tungekuwa wawili tukiitafutia dawa. Sasa umeniacha nikiamini kitu ambacho hakipo."

Akawapigia simu palepale wateja waliotuagiza chipu ile. "Hatuko tayari," aliwaambia. "Timu yangu imekosea, na mkuu wao ni mimi." Walimfokea mpaka nikasikia sauti zao kwenye simu. Jina langu hakulitaja. Alipomaliza, aliniambia tu nifungue mchoro.

Ilituchukua wiki mbili. Kumbe shida haikuwa waya. Sehemu mbili zinazotegemeana nilikuwa nimeziweka mbali moja na nyingine tangu siku ya kwanza, na sikutaka kubomoa kazi yangu. Tuliibomoa, tukazisogeza pamoja, waya ukafupika, na ishara ikafika kwa wakati. Chipu ilitoka nzuri, lakini wateja wale hawakuturudia tena. Madam hakunikumbusha hata siku moja. Mimi ndiye niliyekuwa nikijikumbusha.

Mwanangu, ripoti safi isikufurahishe kama wewe mwenyewe ndiye uliyeficha uchafu. Kitu kikikushinda, sema mapema, kingali mchoro. Usiogope kubomoa ulichojenga vibaya, hata kama kilikutoa jasho. Na siku utakapokuwa mkuu, mtu akikuletea kosa lake kwa mdomo wake, usimvunje moyo, umepata mfanyakazi.

Mungu akubariki katika kazi ya mikono yako, akupe wakubwa wenye subira, na jina lako litajwe kwa heshima hata mahali ambapo hupo.