Tangi Lililochafua Kabati la Harusi

Sogea karibu, wewe unayejifunza kupuliza vanishi, nikueleze jambo ambalo hadi leo likinijia nikiwa mezani naisukuma sahani kando.

Karakana yangu iko Bwera, mji wa mpakani, ukuta mmoja na fundi wa pancha wa pikipiki za boda. Kompresa ya hewa sikuwa nayo, niliazima yake. Wengi huku tunafanya hivyo: asubuhi inajaza matairi, mchana inapuliza samani.

Mama mmoja kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, muuza mafuta ya mawese sokoni, alikuwa ameagiza kabati la mahogani kwa ajili ya binti yake anayeolewa. Jumamosi lingepelekwa Kasese, mbele ya wakwe. "Papa," aliniambia, kama kwao wanavyoita baba, "waseme tuko wakimbizi, sawa. Wasiseme tumeleta kitu kibaya."

Alhamisi nikapuliza. Sijamaliza hata mlango mmoja, vanishi ikaanza kuikimbia mbao. Vishimo vya duara vikafunguka kila mahali, kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Ukiona vishimo vya namna hiyo, usiilaumu vanishi kwanza. Mara nyingi kuna mafuta juu ya mbao, na vanishi haishiki penye mafuta. Hilo nililijua. Mwenye mafuta pia nilidhani namjua: vidole vya mama yule, aliyekuja kuangalia kazi, vilikuwa vyekundu hadi kwenye kucha. Nikamgeukia.

"Mama, umelishika kabati na mawese yako."

Akaficha mikono ndani ya kitenge. "Mimi nauza mawese, sikatai. Lakini kabati sijagusa, papa. Kila siku nasimama hapa mlangoni tu."

Sikumwamini. Vanishi ilipokauka niliisugua yote kwa msasa, nikafuta mbao kwa tina, ile ya kuyeyushia vanishi, na kitambaa kipya, nikamwambia asivuke kizingiti. Ijumaa asubuhi nikapuliza tena. Vishimo vikarudi vilevile, na safari hii hapakuwa na mtu wa kusingizia.

Ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Niliosha bunduki ya kupulizia, nikapuliza hewa tupu kwenye karatasi nyeupe. Karatasi ikajaa matone ya mafuta.

Nikamwita jirani yangu wa pancha, tukainama chini ya tangi la kompresa na kulegeza kizibo. Ukamwagika uji wa kahawia: maji ya kutu, oili iliyooza, utelezi mrefu kama kamasi, na harufu ya panya aliyefia ukutani. Ulinirukia hadi kwenye kiwiko.

"Tangu niinunue," jirani alisema akicheka, "haijawahi kwenda choo."

Nilitema mate. Uchafu ule ndio niliokuwa nikimpulizia bibi harusi. Mama alikuwa palepale mlangoni, mikono bado kwenye kitenge, na nikajichukia kuliko nilivyouchukia uji ule. Nikamwomba radhi, jirani akisikia.

"Malizia kabati, papa," alisema. "Radhi nitakupa kesho."

Tulikausha tangi, tukabadilisha bomba la mpira linalopitisha hewa, nikasugua mbao upya na kupuliza matabaka membamba, moja baada ya jingine. Jumamosi alfajiri alipitisha kiganja chake chekundu kwenye mlango wa kabati, kwa mara ya kwanza. Akaniitikia kwa kichwa. Akaita gari lipakiwe.

Basi, kabla hujamimina vanishi, fungua kizibo cha chini ya tangi, maji yote yatoke, kisha puliza hewa tupu kwenye karatasi nyeupe. Ikipata doa hata moja, usipulize.