Matundu Matatu ya Kofia ya Kamau

Siku hizo kazi yangu ilikuwa kuchambua kofia za chuma. Yadi ya Lalji ilikuwa Ngara, nyuma ya maduka ya nguo, na kofia zilikuja kwa lori kutoka mnada wa jeshi, zimebaki tangu vita vya Wazungu. Sisi wanawake tulikaa juu ya magunia tukizipanga. Shule nilionja tu, lakini kofia nilizijua. Ya Kiingereza ukingo wake ni mzima, ndani imepigwa herufi. Ya Uhindi niliijua kwa ngozi na kamba zake. Ya Afrika Kusini ina matundu matatu ukingoni, upande wa kisogo, na ndiyo waliyovaa wengi wa watu wetu waliopelekwa vitani Habeshi. Hiyo Lalji aliipenda kuliko zote.

"Mama Wambui, hiyo weka huku. Hiyo tobo iko tayari. Mimi hapana taka haribu drili bure."

Tulizitia motoni, ngozi ikaungua na rangi ikatoka. Kisha fundi Wafula alifunga mkono wa bati kwa ribiti tatu, palepale kwenye matundu. Kofia ikawa karai.

"Nairobi nzima inaoga ndani ya vichwa vya wanajeshi," Wafula alikuwa akisema, na sisi tulicheka kila mara.

Mume wangu Kamau alikuwa na yake. Alirudi nayo kutoka Habeshi, namba yake imeandikwa kwenye ngozi ya ndani. Tulikaa karibu na Dagoretti Corner, chumba kimoja, na kofia ilining'inia msumarini. Hali ya hatari ilipotangazwa nilimwambia, "Baba Wambui, hicho kitu kitatuletea maneno."

"Basi kiwe karai," akasema. "Kikiosha mtoto, nani atakiogopa?"

Akakipeleka mwenyewe kwa Wafula. Wakanywa chai pamoja. Kikarudi na mkono, kama vingine vyote.

Halafu askari polisi akauawa kwenye barabara ya Ngong, na bunduki na kofia yake ya chuma vikachukuliwa.

Walikuja asubuhi, tukinywa uji. Mbele alikuwa hedimani wetu, mzee wa mtaa aliyewekwa na serikali, Gathogo wa Mbiu. Namtaja kwa jina, na nitamtaja tena. Nyuma yake homugadi, vijana wetu waliopewa silaha na serikali, na ofisa Mzungu tuliyemwita Kipara.

Gathogo alimwaga maji ya karai mlangoni, akaligeuza.

"Kamau, hii ni nini?"

"Karai."

"Karai ya serikali?"

Homugadi wakacheka.

Kamau akaeleza ni kofia yake ya Habeshi. Kipara akauliza namba iko wapi. Iliungua pamoja na ngozi. Nikasema, bwana, tazama ukingoni, matundu matatu ya kisogoni, kofia za polisi hazina hayo. Akatazama ribiti.

"Hii tobo ya karai, mama. Nani natoboa?"

"Hayakutobolewa, bwana. Ilikuja nayo. Muulize fundi Ngara."

Akakubali. Hilo nalisema kwa haki. Akatupakia kwenye Landrova.

Njiani Kamau alikuwa ametulia. "Wafula anaijua," aliniambia. "Aliishika kabla ya moto."

Sasa, kofia nyingi za Lalji hazikutoka mnadani. Zilipita ua wa nyuma wa stoo ya jeshi, za wizi, na sote pale tulijua. Lalji alipoona Landrova akasimama mlangoni mwa ofisi, akamkazia Wafula macho.

Kipara aliinua karai. "Wewe naweka mkono hii?"

"Ndiyo, bwana."

"Tobo nakuta, au natoboa?"

Rundo zima la kofia za matundu lilikuwa pale, nyuma ya mabati. Nilinyoosha mkono kuonyesha. Gathogo akaupiga kwa rungu.

Wafula alitazama chini.

"Nilitoboa mimi, bwana. Kwa drili."

Kamau akamgeukia. "Wafula," akasema.

Wakampakia Kamau.

Mimi waliniacha pale. Lalji akasema, "Mama, rudi kazi," nikarudi. Nilikaa kwenye gunia nikachambua kofia mpaka jioni, mkono umevimba. Watu hunishangaa nikisema hivyo. Sikujua kitu kingine cha kufanya.

Kamau alinyongwa. Niliambiwa na karani wa gereza, dirishani, kwa Kiswahili safi. Mwili hawakutoa, walizika wenyewe ndani ya kuta za gereza. Kofia ya yule askari ilikuja kuonekana mtoni, imejaa matope, ukingo wake mzima, na namba yake bado inasomeka. Watu waliambiana kwa sauti ya chini. Kesi haikufunguliwa tena.

Wafula alirudi kwao magharibi. Kabla ya kuondoka alikuja kwangu na mfuko wa unga.

"Mama Wambui, nina watoto."

"Mimi pia ninaye."

Nikapokea unga. Mtoto alikuwa na njaa.

Lalji aliuza yadi akaenda zake. Kipara alipanda ndege Uhuru ulipokaribia. Gathogo yuko. Ana duka hapa Corner, na kanisani anakaa kiti cha mbele. Hakuna aliyewahi kumuuliza lolote, na yeye hajioni kuwa na la kujibu.

"Mama Wambui, habari ya siku nyingi?"

"Nzuri."

Nanunua sukari kwake, kwa sababu yuko karibu na mguu wangu unauma. Hupima vizuri, siwezi kumsingizia. Nikifika nyumbani nakoroga chai, nakunywa, na utamu wake ni uleule wa sukari yoyote.

Wambui haingii duka hilo. Yeye hutembea kwa miguu mpaka maduka ya Adams, jua likiwaka, akarudi na kilo moja mkononi, amekunja uso. Baba yake hamkumbuki hata sura, lakini hasira anayo. Mimi yangu niliitafuta miaka mingi, sikuiona. Ni afadhali mmoja wetu anayo.