Vazi la Zari

Nyumbani kwa shangazi yangu Bi Shariffa, mtaani Kiponda, hakuna kitu kinachokaa uchi. Redio ina kitambaa chake, televisheni ina pazia la kuvuta, na mkono wa friji umevishwa soksi ya kufuma. Marehemu mumewe, Turki, alikuwa akisema kwamba hakai kwenye kiti kimoja muda mrefu kwa kuogopa kushonewa foronya.

Kushona ndiko kulikomweka mjini. Maharusi wengi wa mitaa yetu wametoka kwao na nguo alizozitia zari kwa mkono. Amezoea kazi hiyo hata macho yake yamebadilika: mimi nikitazama mtu naona sura, yeye anaona kipimo.

Mwaka 2009 binti yake wa pekee, Dalal, aliyeolewa Uingereza, alijifungua mtoto wa kike. Daktari alimkataza Bi Shariffa kupanda ndege kwa sababu ya miguu yake, basi Dalal akampelekea laptopu kwa mkono wa wifi yake, akalipia na intaneti ifungwe nyumbani. Angeweza kumwonesha mtoto siku ileile. Bi Shariffa ndiye aliyekataa.

"Mtoto hatolewi nje mpaka arobaini," alimwambia kwenye simu. "Na hiyo kompyuta yenu ni nje kuliko nje. Mfunike, mwanangu. Watu wana macho."

Basi akangoja, kwa amri yake mwenyewe, na sikuona mtu aliyeteswa na amri hiyo kuliko yeye. Arobaini ingetimia Ijumaa.

Tahir, fundi wa kompyuta wa Kikwajuni, alikiweka kisanduku cha intaneti ukumbini, karibu na simu. Laptopu ikawekwa chumbani, upande wa pili wa ukuta, mbele ya kitanda cha samadari alichozaliwa Dalal. Hapo ndipo Bi Shariffa alipotaka mjukuu amwone. Siku mbili tatu mambo yakaenda vizuri. Kisha jirani yetu, Bi Borafya, akaingia kuomba bizari, akaviona vitaa vya kijani vya kisanduku vikipepesa.

"Shoga, taa zake nzuri," akasema. "Kama meli usiku."

Hakusema mashaallah.

Jioni ile ile Bi Shariffa alifungua sanduku lake, akaitoa suruali ya marinda aliyoivaa siku ya harusi yake, akaikata miguu iliyojaa zari, akakishonea kisanduku vazi la kukifunika chote. Zari ya zamani, nyuzi za fedha khasa, nzito mkononi. Hata hivyo alikuwa kachelewa. Asubuhi yake laptopu ikakataa kuuona mtandao.

"Jicho limeshaingia," akasema.

Tahir akaja. Akalivua lile vazi bila ya kulitazama, kama anavyosogeza mtu kitambaa cha televisheni, akazima kisanduku, akawasha, akaingia chumbani. Intaneti ikafunguka.

"Mbona inafanya kazi, Bi mkubwa?"

"Inafanya kwa kuwa umekuja wewe. Ukiondoka itanuna."

Akaondoka, na kweli ikanuna. Akarudi, ikafunguka. Akabadilisha neno la siri, akaondoka, ikanuna. Alipoitwa tena alikunywa chai yake kwanza, akaugonga ukuta kwa ngumi.

"Tatizo ni huu. Mawe na chokaa, unene wa mkono. Kuta hizi zilijengwa na watu wasiotaka kusikilizana."

"Na ukija wewe ukuta unakonda?" akauliza Bi Shariffa.

Tahir akainamia kikombe.

Ijumaa Tahir akapita kabla ya sala. Ikafunguka kama kawaida yake, naye akakimbilia msikitini. Mimi nilibaki chumbani na laptopu mapajani, nikivitazama vile vijistari vinavyoonesha nguvu ya mtandao, kwa sababu moyoni nilishaona kwamba ikinuna siku ile shangazi yangu atavunjika moyo. Ghafla vikapungua, vikazimika vyote.

"Shangazi, umefanya nini huko?"

"Sijafanya kitu," akajibu ukumbini. "Nimeivisha tu."

"Hebu ivue."

Vijistari vikarudi.

"Ivishe."

Vikafa. Nikatoka, nikamkuta kaishika ile zari kwa mikono miwili. Nikamweleza: ukuta peke yake mtandao unaupenya kwa taabu, na zile nyuzi za fedha ni ukuta wa pili. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani ataililia suruali yake.

"Kwa hivyo si Borafya," akasema.

"Si Borafya."

"Na mimi wiki nzima sikumwitikia salamu."

Alikiacha kisanduku wazi, lakini alikipa mgongo, kama anayemwepuka mtu aliye uchi. Tukaingia chumbani. Uso wa Dalal ukatokea, ukakatika, ukatokea tena, na kifuani pake furushi jeupe lisilo mwanzo wala mwisho.

"Yuko wapi?" akauliza Bi Shariffa.

"Huyu hapa, mama."

"Naona shuka. Mfunue."

"Si wewe uliyenambia nimfunike? Watu wana macho."

"Nilisema. Sasa nasema mfunue."

Dalal akafunua shuka, akafunua ya pili, na chini yake kulikuwa na kofia iliyofika puani. Akaivua. Mtoto akapiga mwayo mbele yetu, mdomo mzima. Niliona vidole vya Bi Shariffa vikitembea juu ya ile zari mapajani, vikipima shubiri ya kichwa kidogo.

Mlangoni kukapigwa hodi. Ilikuwa sauti ya Bi Borafya, ya mtu asiye na uhakika wa kuitikiwa.

"Nimesikia arobaini leo. Mshamwona mtoto?"

Mkono wa Bi Shariffa uliinuka na ile zari, ukafika karibu na kioo cha laptopu, ukakaa hapo hewani. Kisha ukashuka.

"Karibu, Borafya, ingia umtazame," akasema. "Ila anza mashaallah hapo hapo mlangoni."