Mchungaji Niliyemzuia Mlangoni

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, ambayo ningeirudia kama siku zingekuwa zinarudiwa. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipopigana na Mau Mau, nasi tulikuwa tumehamishwa kwa nguvu hadi kijiji kilichozungushiwa handaki, kati ya Ruiru na Thika. Mama yangu alikuwa mgonjwa wa kufa. Alitaka jambo moja tu: Mchungaji Ezekieli aje ampe Meza ya Bwana.

Mimi sikumwamini Mchungaji. Kila Jumatano aliingia kambi ya homgadi, wenzetu waliolinda upande wa serikali ya kikoloni, akakaa humo saa nzima, akatoka kimya. Jirani yetu Njoroge alikamatwa siku moja tu baada ya kumkaribisha chai. Watu walinong'ona kwamba Mchungaji ndiye aliyemuuza. Lisemwalo lipo, nilijiambia. Nilikuwa nimesoma sekondari, nikadhani kusoma ndiko kujua.

Basi alipofika na mkate na divai kikapuni, nilisimama mlangoni.

"Mama amelala."

"Nitamngoja aamke."

"Utamngoja, au utahesabu tuko wangapi ukawaambie rafiki zako?"

Hakukasirika. "Mlango ni wako, kijana. Niko hapo kwa jirani yenu Wanjiru mpaka saa ya kafyu. Nipungie mkono tu."

Ndani, Mama akauliza, "Ni Mchungaji?"

"Aca, siye, Mama. Ni muuza makaa."

Alikufa alasiri hiyo, akiuliza tena.

Njoroge aliporudi kutoka kizuizini, nilimweleza, naye akanicheka kwa uchungu. "Ulidhani anakula nyama na homgadi? Wee, umesoma bure! Alikuwa akija kutuombea sisi tuliofungwa mle kambini. Aliyeniuza ni binamu yangu."

Nilimwendea Mchungaji, nikamuuliza mbona hakujitetea.

"Ningetangaza niliowaona mle, nisingeruhusiwa kuingia tena. Wangebaki na nani?"

Mwanangu, sikwambii umwamini kila avaaye kola nyeupe. Wako waliotuuza kweli, na hadi leo nikiona mchungaji akinong'ona na mkubwa wa serikali, hutazama mara mbili. Lakini kazi yao huwapeleka kwa watu wabaya na mahali pachafu, na mengi wanayoyasikia huko si yao kusema. Ukimshuku mchungaji, muulize mwenyewe kabla hujamhukumu. Na shaka yako ibebe wewe, usimbebeshe mgonjwa.

Ngai akupe ulimi wa kuuliza mapema, mwanangu, na akupendaye asikuombe kitu cha mwisho ukamnyima.