Neno la Kunyonga Katika Kitabu cha Bwana Hakimu

Vitabu vya sheria nilivyosoma Mwanza vilikuwa vitatu, na kwa kuwa nilikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, nilivipima. Nikavipima tena, maana sikuamini uzito wake. Viwili vya kwanza, vile vinene, niliuziwa na karani wa wakili mmoja wa Kihindi pale Mirongo. Alianza na bei ya kunitukana, nikamjibu kwa bei ya kumtukana, tukakutana katikati, wote tumenuna kidogo. Ndivyo biashara inavyotakiwa kuwa.

Shida ya vitabu vile ni kwamba watu waliomo ndani hawajui kupatana bei. Sheria zenyewe zililetwa kutoka India, na kila fungu lina mfano wake: mtu anayeitwa A anamwuzia B farasi. B anakubali papo hapo. Hamtazami meno, hasemi amezeeka, hajifanyi anaondoka ili aitwe. Halafu wanashtakiana. Mimi farasi sikuwa nimemwona hata mmoja. Kwetu mbung'o hawamwachi. Nilikuwa nikisoma huku nasinzia, nikiwaza kwamba A angekaa siku moja tu sokoni kwetu, nusu ya kitabu isingeandikwa.

Nilisoma kwa sababu ya kifua. Vumbi la pamba lilikuwa limeniingia, nakohoa mpaka wakulima wananipa pole kabla ya kunipa mzigo. Boma walitaka mkalimani wa mahakama, na mtihani ulikuwa wa sheria. Nikishinda, natoka vumbini. Nikishindwa, narudi kwenye mizani, na daktari alishaniambia sitapima misimu mingi.

Kitabu cha tatu kilikuwa chembamba, na ndicho kilichonichosha kuliko vyote. Kilikuwa cha maneno ya mahakama, Kiingereza kwa Kiswahili, na aliyekitunga ni bwana hakimu mwenyewe, yule yule wa kututahini. Sasa, Kiingereza kina neno moja tu, execute, la kumnyonga muuaji na la kutekeleza hukumu ya madai. Bwana hakimu aliandika maana moja: kunyonga. Nikajua litaulizwa.

Siku ya mtihani likaulizwa, tena katika kesi ya kweli, ya mtu aliyesimama mbele yetu. Alikuwa mzee wa upande wa Bujora, Mwislamu, kanzu yake safi. Ng'ombe wake waliingia shamba la jirani, kesi ikamshinda, na ikaamriwa mtamba wake mmoja achukuliwe awe fidia. Hakimu akasoma hukumu kwa Kiingereza, akanitazama. Kitabu chake kilikuwa mezani.

Nikasema kama kilivyoandikwa. "Mzee, hukumu itanyongwa juu ya mtamba wako."

Mzee akafikiri. "Mtamba anyongwe?"

"Ndivyo ilivyosomwa."

"Anamnyonga nani? Huyu bwana?"

"Serikali, mzee."

"Karani, ng'ombe anachinjwa. Akinyongwa ni kibudu. Na huyo jirani yangu naye ni Mwislamu, atamla vipi? Mimi mnanitia hasara, yeye mnamlisha haramu."

Askari wa mlangoni akageukia ukutani. Hakimu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuandika zaidi kuliko cha kusikia, akaniuliza mzee anasema nini.

Nikapima. Nikisema neno ni baya, nimemwambia mtahini kitabu chake kibaya. Nikinyamaza, mzee atakwenda kumficha mtamba, na kosa litakuwa la mkalimani. Nilikuwa nimechoka hata kuogopa siwezi, kwa hiyo nikapatana bei.

"Bwana, anasema neno la kitabu ni zuri, ila ni kubwa mno kwa mtamba. Anaomba la hali ya chini."

"Lipi?"

"Akamatwe tu, bwana."

Hakimu akachukua kalamu, akaandika pembeni mwa ukurasa wake, polepole. 

Nilifaulu. Wiki ile ile nikavaa viatu, nikatumwa pamoja na yule askari kwenda Bujora kusoma hati mlangoni kwa mzee na kumleta mtamba. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kusimama. Nikasoma hati yote. Mtamba alikuwa amefungwa pembeni, mweusi, mnene.

"Kwa hiyo kazi umepata," mzee akasema.

"Nimepata, mzee."

"Basi shika kamba."